Kibodi ya Mama Vyeti

Ofisini kwetu mimi naitwa Birika. Jina hilo nilipewa mwaka wa pili wa kazi, na mwaka wa tatu nikaacha kubisha. Mkono wa birika ndio mimi, mtunza stoo wa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, chini kabisa, mlango wa mwisho baada ya choo cha wageni. Mlangoni nimebandika karatasi iliyoandikwa AKIBA HAIOZI. Karatasi yenyewe imeshageuka rangi ya chai na pembe moja imeng'oka, lakini inasomeka, kwa hiyo sijaona sababu ya kuibadilisha.

Habari ninazosimulia ni za mwanamke aliyekuwa akichapa vyeti ghorofa ya kwanza. Jina lake kamili limo kwenye mafaili. Sisi tulimwita Mama Vyeti, naye aliitika. Niseme mapema kwamba katika habari hizi kuna mtu aliyekosea, na mtu huyo si yeye.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye kutembea polepole na kuchapa haraka. Saa sita na nusu alifungua bakuli lake la chakula, akala palepale mezani, akafuta meza, akaendelea na kazi. Hakuwa mtu wa kusengenya, jambo lililotuudhi kidogo, maana kila mtu anapenda kujua mwenzake anamsemaje. Dirishani kwake walisimama watu wa aina mbili. Walikuja waliopata mtoto, wanaocheka hata na mlango, na walikuja waliofiwa, ambao ukiwauliza tarehe wanakaa kimya kwanza. Wote aliwafanyia sawa. Alichapa, akatoa karatasi, akaisukuma chini ya kioo na kusema maneno yaleyale: "Soma kabla sijapiga muhuri. Nikishapiga, kosa ni letu sote."

Kwa miaka kumi na mmoja, vyeti vilivyorudishwa kwa kosa la kuchapa havikuzidi vidole vya mkono mmoja. Na kwa miaka hiyohiyo kumi na mmoja alikuwa kibarua. Mkataba wa miezi mitatu, ukiisha anaongezewa mwingine wa miezi mitatu. Wapo waliokuja baada yake, wakaajiriwa, wakapanda cheo, wakastaafu kwa sherehe, na yeye akawachapia kadi za mwaliko.

Uchapaji wake ulikuwa na mlio wake. Ta-tap, ta, ta-tap, kisha mara mojamoja pigo zito kama mtu anayeua mende. Karani wa mapokezi, binti mchangamfu anayekaa chini ya ngazi, alikuwa akisema, "Leo Mama Vyeti kagombana na meza." Tulicheka. Hakuna aliyejiuliza mtu mpole vile anagonga vile kwa nini.

Sasa nieleze kanuni ya stoo, maana bila hiyo hamtaelewa. Kanuni ni fupi: kipya hakitoki mpaka kibovu kirudi, na kibovu si kibovu mpaka fomu iseme hivyo. Fomu ina mahali pameandikwa "Sababu ya kubadilishwa", na chini yake visanduku vitatu vya kutia alama: kimevunjika, kimeungua, kimeibiwa. Si mimi niliyeitunga. Ila niliipenda, hilo sitalikana.

Mara ya kwanza alikuja na fomu miaka minne kabla ya mambo haya.

"Kaka Birika," alisema. Yeye aliniita hivyo usoni, wengine huniita hivyo kisogoni. "Kibodi yangu inanisumbua."

"Imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Imeungua?"

"Wapi. Ila A haishiki. Mpaka niigonge mara mbili."

"Ukiigonga mara mbili inaandika?"

"Inaandika."

"Basi dada, si inaandika?"

"Njoo uione mwenyewe," akasema.

Nilipanda naye, kalamu sikioni. Yeye akakaa, mimi nikasimama nyuma ya kiti chake. Nikamwambia achape nione. Akachapa cheti kizima, cha mtoto wa kike aliyezaliwa Jumatano alfajiri. Nikakodolea skrini macho. Hapakuwa na kosa hata la nukta. A ndiyo herufi inayofanya kazi kuliko zote katika lugha yetu, chukua sentensi yoyote uhesabu, na zote zilikuwa mahali pake. Kwenye fomu nikaandika INAFANYA KAZI, nikatia sahihi, nikashuka na dhamiri safi.

Miaka miwili baadaye alikuja tena. Wakati huo A ilikuwa imepata wenzake. N ilitaka igongwe kwa nguvu, tena pembeni. Kitufe kirefu cha nafasi kilikubali upande wa kushoto tu; ukikigonga katikati, maneno yanagandana. Namba moja ya safu ya juu ilikufa kabisa, akawa anachukua namba moja ya kule pembeni kulia. Na kitufe cha kufuta kilikuwa na ugonjwa wake wa peke yake: ukikigusa kinakwama chini, kinameza mstari mzima kabla hujakibandua. Kwa hiyo aliacha kukigusa. Alinieleza haya yote bila kulalamika, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Safari hiyo, ili nisionekane mchoyo, nilimwita fundi wa kompyuta wa ofisi. Alikuwa na haraka. Fundi gani hana. Aliipindua kibodi, akaipiga mgongoni, akapuliza, kikadondoka kibanio cha karatasi na vumbi la enzi. Akairudisha mezani. "Hebu jaribu, mama."

Mama Vyeti akajaribu. Mistari minne, safi kama imetoka kiwandani.

"Iko vizuri hii," fundi akasema. "Herufi zimefutika tu juu, lakini wewe si huangalii?"

"Siangalii," alisema.

Fundi akasaini. Mimi nikasaini chini yake. INAFANYA KAZI.

Hakuja mara ya tatu, na mimi nikahesabu huo kuwa ushindi. Stoo, rafu ya juu kabisa, kulikuwa na kibodi nne mpya kwenye maboksi yake, nailoni haijaguswa. Kila Ijumaa nilizifuta vumbi.

Kisha likatoka tangazo. Makao makuu yametoa nafasi moja ya mchapaji wa kudumu kwa ofisi yetu. Mtihani wa kuchapa utafanyika chuo cha mafunzo, na mwombaji asiwe ametimiza miaka arobaini na mitano. Mama Vyeti alikuwa amebakiza miezi miwili kuitimiza.

Ajira ya kudumu kwetu ina mambo mengi, lakini yeye alitaka moja. Mwajiriwa wa kudumu hupewa kadi ya matibabu, na kadi hiyo inamhudumia pia mzazi. Alikuwa akiishi na mama yake mzazi, ambaye macho yalikuwa yakizimika mwaka hadi mwaka. Daktari alikwishasema upo upasuaji unaoweza kuokoa kilichobaki, mradi usicheleweshwe. Hayo alituambia siku moja tu, wakati wa chai, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Nikiikosa hii ndiyo basi," alisema. "Nitazeeka kibarua, na mama atakaa gizani."

Tulimcheka kwa upendo. Nani wa kumshinda? Mkuu wa ofisi aliandika barua ya kumpendekeza kwa mkono wake mwenyewe, na karani wa mapokezi akaanza kumsalimia, "Habari ya asubuhi, mwajiriwa." Yeye alitikisa kichwa tu, lakini siku hizo alikuwa akitabasamu kwenye ngazi.

Yaliyotokea chuoni aliyasimulia baadaye sana. Ukumbi ulikuwa na kompyuta mpya tupu. Dakika kumi, ukurasa mmoja wa kunakili, makosa yasizidi kumi. Alikaa, akanyoosha vidole, msimamizi akasema anzeni. Mchapaji wa kweli haangalii skrini, anaangalia anachonakili, na yeye alikuwa mchapaji wa kweli. Alimaliza aya mbili kabla ya wengine kumaliza moja. Ndipo akainua macho.

Kila A ilikuwa mbili, na mahali pengine tatu. N zilikuwa zimevuta na herufi za jirani. Alijaribu kugonga mara moja, vidole vikakataa. Alipovilazimisha, vikasahau hata vilichokuwa vinajua. Na kitufe cha kufuta kilikuwa pale, kizima, kipya, naye akakiogopa. Alikuwa hajakigusa kwa miaka miwili. Aliona kikimeza ukurasa mzima. Akaacha makosa yakae, akaendelea mpaka kengele. Msimamizi aliacha kuhesabu alipofika mia.

Majibu yalifika kwa barua. Mkuu alimwita, akafunga mlango, akafungua baada ya dakika tano. Ofisi haina siri. Kufikia saa ya chai kila mtu alikuwa na maoni yake. Mmoja akasema kumbe miaka yote alikuwa akibahatisha. Mwingine akasema wazee na kompyuta ni paka na maji, ingawa mwenyewe alikuwa amemzidi umri. Mimi nilisema ni woga wa mtihani. Nilisema hivyo huku nakoroga chai yangu, na nilijiona mwenye huruma.

Mama Vyeti hakujitetea. Alimwambia karani wa mapokezi maneno manne tu, "Vidole vyangu vimekwisha, mwanangu," akajaza likizo ya siku tatu ili ampeleke mama yake kliniki, akaondoka na bakuli lake.

Siku ya kwanza ya likizo Mkuu akaagiza karani wa mapokezi akae kwenye meza ya vyeti. Binti yule anachapa vizuri, mafunzo amepitia. Haikupita saa moja, nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi mbiombio.

"Kaka, njoo! Kile kitu juu kina mashetani."

"Kitu gani?"

"Kibodi ya Mama Vyeti. Mimi naandika, chenyewe kinaandika mengine."

Nilipanda nikiwa na hasira tayari. Nilikuwa na hotuba kichwani, kuhusu vijana na uvumilivu. Watu walikuwa wamepanga foleni mpaka mlangoni. Wa kwanza alikuwa baba mmoja aliyebeba mtoto mchanga begani, mtoto analia. Nikamwambia binti aondoke kwenye kiti, nikakaa mimi. Kwa miaka minne nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti kile. Kukikalia sikuwahi.

Nikachapa: Jina la mama wa mtoto. Nikatazama skrini. Palikuwa na herufi zimeshikana mikono, A hakuna, N hakuna, nafasi hakuna. Nikarudia polepole. Yaleyale. Nikagusa kitufe cha kufuta, kikabaki chini, mstari wangu ukaliwa wote, na mstari wa juu yake ambao binti alikuwa ameuandika kwa jasho nao ukaliwa. Nikakibandua kwa kucha.

"Mzee," baba wa mtoto akasema kwa upole, "sisi tupo."

Nikakumbuka alivyonieleza. A mara mbili. N kwa nguvu, pembeni. Kidole gumba upande wa kushoto. Namba moja, kule kulia. Nikaanza upya hivyo, neno moja, jingine. Ikawa inaandika. Na hapo nikausikia mlio. Ta-tap, ta, ta-tap. Ulikuwa unatoka kwenye mikono yangu mimi.

Niliondoa mikono mezani. Nilipatwa na aibu ambayo sijawahi kuipata, na nimeshawahi kukutwa nimelala kazini. Mara mbili nilikuwa nimeitwa kupima kibodi, na mara zote mbili nilimpima mchapaji. Nilitazama skrini, skrini ikasema ukweli wa mikono yake, nikauandika ukweli huo kwa jina la kifaa. Mazoea yana taabu, wanasema, na taabu yake kubwa ni kwamba hayaumi. Yeye mwenyewe alikwisha kusahau kwamba kuna kitu kibovu. Alidhani vidole vyake ndivyo vibovu.

Nikashuka, nikapanda na boksi moja la rafu ya juu. Nikachana nailoni. Kwanza nilichapa mistari mitano kwa kibodi kuukuu nikigonga kila kitufe mara moja, nikaiprinti. Halafu nikachomeka mpya, nikachapa mistari ileile kwa mapigo ya Mama Vyeti, ta-tap, nikaiprinti pia. Karatasi ya pili niliipeleka kwa Mkuu, nikamwomba karatasi ya mtihani ya Mama Vyeti iliyokuja na majibu, nikaziweka pamoja mezani. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Mkuu alizitazama. "Na nani alisaini kwamba kibodi ile ni nzima?"

"Mimi."

"Mara moja?"

"Mara mbili."

"Basi andika barua kwa bodi ya mitihani," akasema. "Na hilo uliandike."

Nililiandika. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, na sentensi ya kusema kosa ni langu ilinichukua asubuhi nzima. Bodi ilijibu siku ya pili: mwombaji atarudia mtihani mara moja tu, baada ya siku tisa. Hakutakuwa na nyingine, kwa sababu ya umri.

Jumamosi mchana nilikwenda kwake. Chini ya kwapa nilibeba ile kibodi mpya. Kanuni inakataza vifaa kutoka nje ya jengo, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kilichotoka. Hicho nilikitoa kwa sahihi yangu mwenyewe. Vilikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya watu wengine, uani pamefagiliwa. Mama yake alikuwa amekaa kizingitini anachambua maharage kwa vidole, uso ameuelekeza upande mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Natoka ofisini. Wananiita Birika."

"Birika ndiye wewe? Sauti yako nene. Nilidhani mtu mnyimivu huwa na sauti nyembamba."

Mama Vyeti alitoka, akanikaribisha ndani, akanipa kiti. Nikamweleza yote, kuanzia mashetani ya karani mpaka barua ya bodi. Nikamwambia vidole vyake havina kosa. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza, nilitegemea afurahi.

"Mpya ziko ngapi stoo?" akauliza.

"Nne."

"Tangu lini?"

Ningeweza kudanganya. "Tangu kabla ya fomu yako ya kwanza," nikasema.

Akaiweka mikono yake mezani, kiganja juu, akaitazama. "Siku tano hizi mimi nailaani mikono hii, kaka. Mama anaishika ananiambia ni mizima, mimi nabisha. Namwambia wewe huoni. Nimemwambia mama yangu hivyo, unasikia? Kwamba haoni." Akaigeuza viganja chini. "Toka kidogo nje. Nitakuita."

Nilitoka. Nilisimama uani juani nikiwa nimeshika kibodi kama mtu aliyekuja kuuza. Niliona haya, na nilistahili. Aliyeniita hakuwa yeye, alikuwa mama yake.

"Ingia, mwanangu. Jua halijawahi kumfundisha mtu kitu zaidi ya kutoka jasho. Hicho ulicholeta kinafanyaje?"

Kibodi bila kompyuta haifanyi chochote. Ina vitufe tu. Lakini vidole havihitaji skrini kujifunza, na tatizo lilikuwa la vidole. Tuliiweka mezani. Mama Vyeti akaweka mbele yake ukurasa wa gazeti kuukuu, akaanza kuchapa hewa. Ta-tap.

"Mbili," mama yake akasema kutoka kizingitini.

"Moja, mama."

"Mbili. Macho yameniaga, masikio bado yapo. Rudia."

Akarudia. Ta. Ta. Ta-tap.

"Mbili."

Waliendelea hivyo, na mimi nikabaki kwenye kiti bila kazi. Hakuna mashine ambayo ingeyajua makosa yale, maana hapakuandikwa kitu. Yule mama aliyajua kwa mlio. Alikuwa anachambua maharage na kusema mbili, mbili, bila kukasirika, na kila baada ya muda alisema "hapo sawa", na uso wa binti yake ukalegea. Nilipoaga, Mama Vyeti hakuinuka. Alisema asante kwa kibodi. Kwa mengine hakusema asante.

Siku zile tisa, ofisini alichapa kwa kibodi nyingine mpya, niliyomchomekea mwenyewe. Vyeti vilichelewa. Alifanya makosa, akayafuta. Mara ya kwanza alipokigusa kitufe cha kufuta alifumba macho. Watu wa dirishani walinung'unika, naye akawaomba radhi. Jioni nyumbani, masikio ya mama yake. Asubuhi ya mtihani nilitaka kumwambia neno la kumtia moyo, akanipita kwenye ngazi akisema vidole vyake vinahesabu na nisimchanganye.

Alipata makosa sita. Akaajiriwa wiki tatu kabla ya kutimiza miaka arobaini na mitano. Kadi ikatoka, mama yake akafanyiwa upasuaji. Jicho la kulia liliokolewa. La kushoto daktari alisema lilicheleweshwa, na hakusema kwa muda gani. Sikuuliza.

Siku hizi mtu akiniletea fomu, napanda naye, lakini namwondoa kwenye kiti. Nakaa mimi. Nagonga kila kitufe mara moja, kwa kidole cha mtu asiyekijua, bila kukibembeleza. Kisichoandika kwa mara moja, kimekufa. Kisha namwomba mwenyewe akae achape, na safari hii siangalii skrini, naangalia mikono. Mkono unaokwepa kitu, unaogonga kwa hasira, unaozunguka mbali kutafuta herufi iliyo karibu, huo umekwisha jifunza ubovu. Nimetoa kibodi nyingi kwa njia hiyo. Jina la Birika halijaondoka, jina likishakaa limekaa.

Kibodi kuukuu aliirudisha yeye mwenyewe, mwezi mmoja baada ya kuajiriwa. Aliteremka nayo stoo, waya ameuzungusha vizuri, akaiweka juu ya kaunta. A, N, I, K na nyingine nyingi zilikuwa zimefutika juu, plastiki inang'aa. Nikatoa fomu, kanuni ni kanuni. Nikafika kwenye sababu ya kubadilishwa, kalamu ikasimama juu ya vile visanduku vitatu. Haikuvunjika. Haikuungua. Haikuibiwa.

"Nitie alama wapi, dada?"

Aliisoma fomu ikiwa imeelekea kwangu, kichwa chini miguu juu, kama anavyozisoma za watu wa dirishani.

"Hakuna hapo," akasema. "Andika: ilizoeleka."

Nikachora kisanduku cha nne chini ya vile vitatu. Nikaandika ilizoeleka, nikatia alama, nikasaini, nikanyoosha mkono kuchukua muhuri. Akauzuia kwa kiganja.

"Ngoja nisome kwanza," akasema. "Ukishapiga, kosa ni letu sote."